Somo: Kununua vitu vya kale na nguo za zamani Portobello Road, London

Mlioko London, au mnaopita huko, leo tunaingia Portobello Road, Notting Hill.

Hatua ya 1: Siku. Vitu vya kale ni Jumamosi. Ukienda katikati ya wiki utakuta zaidi nyanya na makava ya simu. Kama shida yako ni nguo tu, nenda Ijumaa, msongamano si mkubwa.

Hatua ya 2: Njia. Shukia Notting Hill Gate kabla ya saa 4 asubuhi. Vya kale vinaanza karibu na Chepstow Villas, unateremka hadi kwenye matunda na mboga, kisha nguo chini ya barabara ya juu ya Westway. Ingia na ndani ya majengo. Nyuma ya milango myembamba kuna vibanda tele, na wauzaji wa humo wanajua mali yao.

Hatua ya 3: Geuza kitu kabla ya kuuliza bei. Hapa ndipo pesa inapookolewa. Shika kijiko, tazama mihuri midogo nyuma ya mpini kwa lenzi. Simba anayetembea, mguu wa mbele kauinua, maana yake ni fedha ya asilimia 92.5. Kichwa cha chui maana yake kilipimwa London, nanga ni Birmingham (ndiyo, nanga, na mji wenyewe hauna bahari). Ukiona EPNS, hicho kimepakwa fedha juu tu. Kinaweza kuwa kizuri, ila usikilipie bei ya simba.

Hatua ya 4: Nguo. Inua gauni kwenye mwanga, kagua kwapa. Jasho la miaka hulainisha hariri, ukivaa mara moja inachanika. Nguo ya zamani ni ndogo kuliko ya leo yenye namba ileile, kwa hiyo beba tepu ya kupimia.

Hatua ya 5: Bei. Omba bei ya mwisho kwa upole, noti mkononi. Kukata nusu kwa nusu kama Kariakoo kutakuaibisha.

Maswali ya wanachama

*Tanga:* Shikamoo mwalimu. Bangili ya pembe ya ndovu, muuzaji anasema ni ya kabla ya vita. Ninunue?
— Marahaba. Achana nayo. Sheria ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imepiga marufuku biashara ya pembe, hata za kale, isipokuwa vitu vichache vilivyosajiliwa au vyenye cheti. Na ukitua nayo Dar bila kibali, ni kesi.

*Nairobi:* Karibu na simba kuna herufi moja. Ni ya nini?
— Ni ya mwaka. Herufi hubadilika kila mwaka, na alfabeti ikianza upya hubadilika mwandiko au umbo la fremu yake, kwa hiyo piga picha ulinganishe na jedwali la mji husika.

*Leicester:* Mwalimu, na njaa je?
— Endelea hadi Golborne Road. Wareno wana vikeki vya krimu ya mayai, Wamoroko wana samaki. Vikorokoro vya huko pia ni rahisi zaidi.