Namna ya kutunga chemshabongo ya mipaka ya Uganda

Nimeendesha lori kati ya Mombasa, Kampala na Juba miaka kumi na minane. Sasa nimetulia hapa Malaba, na kila Jumapili jioni mataniboi na watoto wa mtaa hukusanyika barazani kwangu kwa chemshabongo ya mipaka.

Ukitaka kuanzisha ya kwako, usiulize Uganda ina majirani wangapi. Watano, kila mtoto anajua. Taja kituo, wao wataje nchi ya ng'ambo: Busia, Kenya; Katuna, Rwanda; Mpondwe, Kongo; Elegu, Sudan Kusini. Hilo ni la kuchangamsha tu.

Swali tamu ni lile ambalo jibu lake lina kisa. Langu ni hili: ukitoka Mutukula kwenda Bukoba, unapovuka Mto Kagera pale Kyaka uko nchi gani? Wengi hudhani mto ndio mpaka. La! Hapo uko ndani ya Tanzania kitambo. Leta ramani na rula, waone wenyewe: kuanzia ziwani, mpaka umenyooka juu ya nyuzi 1 kusini ya ikweta, wala haufuati mto mpaka mbali kule magharibi. Kipande cha kati ya mstari huo na mto ndicho Idi Amin alichokivamia mwaka 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Waache wapitishe kidole hapo, usiwaharakishe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kila swali liwe na mwaka. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilifika nchi gani? Uganda. Upande ule, hadi Naivasha, ulihamishiwa Kenya ya leo mwaka 1902.

Mimi nililipuuza hilo. Niliuliza jirani wa kaskazini huku nikitazama ramani kuukuu. Binti mmoja akasema, "Mzee, hiyo ni Sudan Kusini siku hizi." Nikamnyima alama, ilhali nchi hiyo ilikuwa huru tangu tarehe 9 Julai 2011. Hakurudi tena, na mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo kabla hujatundika ramani ukutani, tafuta mwaka ilipochapishwa, uuandike kwa kalamu nene pembeni, mahali ambapo hata aliyekaa nyuma kabisa atausoma.