Mkataba umevunjwa: kesi uipeleke mahakama ya mji gani?

Tuseme unauza mahindi Kitale. Mnunuzi ni kampuni yenye makao makuu Nairobi, magunia yalishushwa kwenye ghala Mombasa, na pesa hazijaja. Wapo watakaokwambia ushtaki nyumbani kwako, na wapo watakaoapa kwamba lazima umfuate mdaiwa aliko. Kila mmoja ameshika nusu.

Kabla ya kuuliza mji, toa mkataba usome kurasa za mwisho, zile ambazo watu hutia sahihi bila kuzisoma. Kukiwa na kifungu cha usuluhishi, yaani mlikubaliana mgogoro uamuliwe na mtu binafsi badala ya mahakama, mdaiwa anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi ili mwende kwa msuluhishi, mradi aombe mapema, si baada ya kuanza kujitetea. Kukiwa na kifungu kinachotaja mahakama za nchi nyingine, majaji wa Kenya kwa kawaida hukiheshimu hadi uonyeshe sababu nzito ya kukiacha.

Kisha pima deni. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya bidhaa na huduma yasiyozidi Sh1 milioni. Mahakama za mahakimu hufika Sh20 milioni kwa Hakimu Mkuu, na mahakimu wa chini yake wana viwango vidogo zaidi. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 11, inataka uanzie mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kuisikiliza. Hapa usibahatishe: Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2019 kwamba kesi iliyofunguliwa mahakama isiyo na mamlaka ni batili, na haiwezi kuokolewa kwa kuhamishwa.

Sasa mji. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinakuruhusu kushtaki pale mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, au pale chanzo cha madai, yaani tukio linalokupa haki ya kushtaki, kilipotokea, hata kama ni sehemu yake tu. Kwa mkataba, chanzo hicho kinaweza kuwa mahali ulipofungwa, mahali ulipopaswa kutekelezwa, au mahali pesa zilipopaswa kulipwa. Muuza mahindi wetu basi ana Nairobi kwa sababu ya makao makuu, na Mombasa kwa sababu mzigo ulipokelewa huko. Kitale nayo anaipata ikiwa mkataba ulifungwa huko au mlikubaliana alipwe huko. Mimi ningeangalia mashahidi wako wapi: karani wa ghala aliyepokea mzigo atakufaa kuliko nauli utakayookoa kwa kushtaki karibu na nyumbani.

Jihadhari na matawi. Kampuni huhesabiwa kuwa inafanya biashara kwenye makao yake makuu. Tawi lake mjini kwako linakusaidia tu ikiwa madai yenyewe yalizuka hapo. Na mgogoro ukihusu haki juu ya ardhi au jengo, kesi hufuata mahali mali ilipo.

Andika barua ya kudai na uhifadhi nakala. Katika hati ya madai, ile inayofungua kesi, taja waziwazi mahali na wakati chanzo cha madai kilipotokea, anwani ya mdaiwa, na kwamba hakuna kesi nyingine kati yenu juu ya jambo hilohilo. Ambatisha hati ya kiapo ya kuthibitisha madai, orodha ya mashahidi na taarifa zao, mkataba, ankara na risiti za kupokea mzigo. Wasilisha kwa mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama, ulipie ada. Madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6.

Ukikosea mji tu, si ngazi, Mahakama Kuu inaweza kuihamisha kesi. Na kama wewe ndiye mdaiwa uliyeburutwa mji usiohusika, pinga mapema katika mahakama hiyohiyo. Ukinyamaza hadi rufaa, kifungu cha 16 hakitakusikiliza.