Namna ya Kuishi Nyumbani Wakati wa Kumsubiri Mtoto wa Kuasili kutoka Nchi Nyingine

Jalada la maombi ya kuasili, yaani kumfanya mtoto aliyezaliwa na wengine awe wenu kisheria, likishatumwa katika nchi anakotoka mtoto, kazi ya wazazi waombaji haikomi, bali hubadilika. Kabla ya hapo kulikuwa na fomu za kujaza, mahojiano na afisa ustawi wa jamii, vipimo vya afya na alama za vidole, yaani shughuli zenye mwanzo na mwisho. Baada ya hapo hubaki kusubiri barua au simu ambayo hakuna awezaye kusema itakuja lini. Wengi huujaza muda huo kwa kupaka rangi chumba na kununua kitanda na nguo, kisha huufunga mlango wa chumba hicho kwa sababu kukitazama kunauma. Ninapendekeza utaratibu mwingine: chumba kiwe jambo la mwisho kushughulikiwa, na desturi za nyumba, yaani saa za kula, za kulala, za kupumzika na namna ya kusemeshana, ziwe la kwanza. Desturi hizo zitamfaa mtoto atakapofika, na zinawafaa waliomo nyumbani hata kabla hajafika.

Kuelewa kinachochelewesha

Ucheleweshaji huvumilika zaidi sababu zake zinapojulikana. Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu kuwalinda watoto na kushirikiana katika uasili baina ya nchi, na ambao ulianza kutumika mwaka 1995, unazitaka mamlaka za nchi ya mtoto zithibitishe kwanza kwamba mtoto huyo anaweza kuasiliwa, kwamba uwezekano wa kumpatia malezi ndani ya nchi yake umezingatiwa ipasavyo, na kwamba wanaopaswa kutoa ridhaa wameitoa kwa hiari bila malipo ya aina yoyote. Ridhaa ya mama, pale inapohitajika, haikubaliki ikiwa ilitolewa kabla mtoto hajazaliwa. Baadaye mamlaka kuu, yaani ofisi za serikali zinazosimamia uasili, za nchi zote mbili hulazimika kukubaliana kwamba uasili uendelee. Kila hatua kati ya hizo imewekwa ili mtoto asiuzwe wala asichukuliwe kwa hila, kwa hiyo shirika la kushughulikia uasili linaloahidi kuziruka ni la kuogopwa, si la kushukuriwa.

Lipo pia jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mezani: nchi huweza kufunga mlango katikati ya safari. Ethiopia ilipiga marufuku uasili wa kimataifa mwaka 2018, na mnamo Septemba 2024 China ilitangaza kwamba haitatoa tena watoto kwenda nje, isipokuwa kwa ndugu wachache wa karibu, na tangazo hilo liliziacha njiani hata familia zilizokuwa zimeshapangiwa watoto. Waulizeni shirika lenu mapema, na kwa maandishi, ni nini kitatokea kwa jalada na kwa fedha mlizolipa endapo nchi mliyoichagua itasimamisha uasili. Kuuliza hivyo si kujitakia mabaya.

Kwa kuwa tarehe haiko mikononi mwenu, msipange maisha kwa kuifuata. Chagueni siku moja katika mwezi ya kuwasiliana na shirika, na siku nyingine zote msilitafute, maana habari muhimu itawafikia tu. Safari ya mapumziko, kozi ya jioni, ukarabati wa paa na harusi ya ndugu viendelee kama vilivyopangwa, mradi shirika lijue mnapopatikana.

Nyaraka zinazochakaa

Vyeti vya afya, vyeti vya polisi vya kutokuwa na makosa, uthibitisho wa mapato na ripoti ya tathmini ya familia vyote huwa na muda wa kutumika, na muda huo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Andikeni katika kalenda moja siku ambayo kila hati itakwisha muda wake, pamoja na siku ya kuanza kuitafuta upya, ambayo inapaswa kutangulia kwa miezi kadhaa. Pasipoti zisisahaulike. Kila hati iwe na nakala nyumbani na nyingine mahali pengine salama.

Mabadiliko ya maisha lazima yaripotiwe: kuhama nyumba, kubadili kazi, ujauzito, ugonjwa mzito, mtu mzima mpya kuhamia nyumbani, hata mtafaruku na polisi usio na uzito. Wapo wanaoahirisha kila kitu kwa kuogopa kuharibu jalada, wakakataa kazi nzuri au wakabaki katika nyumba inayovuja. Kwa maoni yangu hiyo ni gharama isiyo na sababu, kwa kuwa mara nyingi mabadiliko yenyewe hayazuii uasili, bali kuyaficha ndiko kunakozuia.

Desturi kabla ya samani

Watoto wengi wanaoasiliwa kutoka nje wameishi katika makao ya kulelea watoto ambako walezi hubadilishana zamu na chakula huja kwa saa maalumu, awe mtoto analia au halii. Uchunguzi ulioanza mjini Bucharest, Romania, mwaka 2000, na kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wamelelewa katika makao, ulionyesha kwamba watoto waliopelekwa katika familia kabla ya kufikisha takriban miaka miwili walijenga uhusiano imara na walezi wao kwa urahisi zaidi kuliko waliopelekwa baadaye. Funzo la kutumika nyumbani ni kwamba mtoto huyu anahitaji kujifunza jambo ambalo mtoto aliyezaliwa ndani ya familia hulijua bila kufundishwa: kwamba akiita, mtu yuleyule atakuja. Nyumba yenye ratiba inayotabirika humfundisha jambo hilo haraka kuliko nyumba yenye vitu vingi.

Anzeni basi kuishi sasa kwa ratiba mnayotaka kuwa nayo wakati huo. Kuleni pamoja angalau mlo mmoja kwa siku, mezani au mkekani, simu zikiwa mbali. Zimeni runinga saa moja kabla ya kulala. Kama nyumba yenu ni ya watu wanaoingia na kutoka usiku kucha, anzeni kuipunguzia kasi, kwa sababu desturi ya miaka mingi haibadiliki kwa juma moja, na juma ambalo mtoto amefika si juma la kuanza kugombana kuhusu saa za kuzima taa.

Usingizi unastahili kufikiriwa zaidi kuliko jambo jingine lolote la nyumbani. Mtoto aliyezoea kulala katika ukumbi wenye watoto wengi husikia pumzi na sauti zao usiku kucha. Ukimweka peke yake katika chumba kizuri chenye giza na kimya, huenda akaona ametupwa. Kwa hiyo tayarisheni nafasi ya godoro au kitanda chake ndani ya chumba chenu, au karibu nacho kiasi cha kusikika, na amueni mapema kwamba huenda hali hiyo ikadumu miezi mingi. Waliooana wazungumze waziwazi watakavyogawana usiku, ni nani ataamka kwanza na ni nani atakwenda kazini akiwa amelala vizuri. Chumba alichopangiwa kibaki na matumizi mengine mpaka habari zake zifike, kiwe chumba cha kushonea, cha kusomea au cha wageni, kwa kuwa mpaka hapo hamjui umri wake, wala ukubwa wake, wala anachokipenda.

Chakula nacho kina mambo yake. Mtoto aliyewahi kukosa chakula huweza kukificha chini ya mto, kula mpaka kutapika, au kukataa kila kitu kigeni. Amueni sasa kwamba chakula hakitatumika nyumbani kwenu kama adhabu wala zawadi, na kwamba patakuwapo mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kuchukua kitu cha kula bila kuomba. Jifunzeni mapishi mawili au matatu ya eneo anakotoka, mkiyapika mara kwa mara mpaka mikono izoee, kwa sababu mlo unaofahamika hutuliza hata pale maneno yanapokosekana.

Lugha ijifunzwe kwa kuanzia mahitaji. Kabla ya salamu ndefu na sarufi, jueni kusema na kusikia maneno ya njaa, kiu, choo, maumivu, usingizi, hofu, “nipo hapa” na “nitarudi”. Kama kuna watu wazima wenye asili ya nchi hiyo mahali mnapoishi, jengeni urafiki nao sasa, si kwa ajili ya kumwandalia mtoto walimu tu, bali ili atakapofika akute kwamba wazazi wake wanawaheshimu watu wanaofanana naye na hukaa nao meza moja.

Usalama wa nyumba hauhitaji maelezo marefu: kabati zito lifungwe ukutani, dawa na sabuni zipandishwe juu na kufungiwa, na maji ya moto ya bomba yashushwe yasizidi nyuzi 49 za Selsiasi. Shughuli hizi zina faida moja ya ziada, nayo ni kwamba huipa kazi mikono isiyotulia.

Watoto waliopo, jamaa na maswali yao

Mtoto aliye tayari nyumbani asiambiwe tarehe, wala asiahidiwe mwenzake wa kucheza. Aambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wake: kwamba huenda akaja mtoto, kwamba mwanzoni huenda akalia sana na akawataka wazazi muda wote, na kwamba nafasi yake yeye haichukuliwi na mtu. Mpeni saa yake maalumu kila juma pamoja na mzazi mmoja, na saa hiyo ilindwe hata baada ya mgeni kufika.

Jamaa huuliza kwa upendo, lakini swali la “anakuja lini?” likirudiwa kila mkutano huchosha. Mteueni ndugu mmoja awe msemaji, na wengine wote mwaelekeze kwake. Babu, bibi, shangazi na wajomba waelezwe mapema jambo litakalowauma: kwamba kwa majuma ya mwanzo ni wazazi tu watakaomlisha, kumbeba, kumwogesha na kumlaza mtoto, hata kama mikono yao wenyewe inawasha kumpokea. Wakilisikia sasa wana muda wa kulielewa. Wakilisikia mlangoni wataliona ni dharau. Wapeni kazi nyingine yenye heshima, kama kupika, kufua, kununua mahitaji na kuwatoa matembezi watoto wakubwa.

Jambo jingine la kuwaomba ni kunyamaza kuhusu historia ya mtoto. Sababu zilizomfikisha kwenye uasili ni mali yake mwenyewe, na yeye ndiye atakayeamua siku moja kuzisimulia au kutozisimulia.

Habari za mtoto zinapofika

Mtakapopangiwa mtoto, mtaletewa taarifa kuhusu asili yake, mazingira yake, afya yake na mahitaji yake maalumu. Msiisome mkiwa na furaha tu. Ipelekeni kwa daktari wa watoto mwenye uzoefu wa kusoma taarifa za namna hiyo, pamoja na picha na video kama zipo, na mumwulize pia kile ambacho taarifa haikusema. Mna haki ya kukubali na mna haki ya kukataa. Jibu linalotolewa kwa woga wa kurudi nyuma ya foleni huweza kumwumiza mtoto kuliko kukataa kwa uaminifu.

Picha yake isiwekwe katika mitandao ya kijamii, kwa kuwa bado si mtoto wenu kisheria. Vilevile msijaribu kuwatafuta wazazi wake wa kumzaa: Mkataba wa Hague unazuia mawasiliano hayo mpaka masharti ya msingi yatimie, isipokuwa uasili uwe ndani ya familia au mamlaka ziwe zimeyaruhusu. Mamlaka zikiruhusu, mtumieni mtoto kitabu kidogo cha picha chenye nyuso zenu, mlango wa nyumba, mahali atakapolala na mnyama wa nyumbani kama yupo, kikiwa na maandishi mafupi katika lugha yake ili mlezi amsomee. Katika hatua hii sasa chumba kinaweza kushughulikiwa, kwa kufuata ukubwa halisi wa mtoto na kwa kiasi.

Anzeni pia faili lake, ambamo kila karatasi, jina la mahali, jina alilopewa alipozaliwa na picha vitahifadhiwa bila kuhaririwa. Nikiulizwa kuhusu kumbadilisha jina, nitashauri lile la kwanza libakie angalau kama sehemu ya jina lake, kwa sababu huenda ndicho kitu pekee atakachokuja nacho.

Fedha, kazi na safari

Akiba ya safari itengwe katika akaunti ya peke yake, kwa hesabu ya tiketi zinazonunuliwa kwa taarifa fupi na makazi ya muda mrefu kuliko mlivyoambiwa. Mwajiri aulizwe sasa ni likizo gani inayotolewa kwa wazazi wa kuasili, na majibu yake yawe ya maandishi.

Mkoba wa nyaraka ukae tayari, ukiwa na daftari la maswali ya kuwauliza walezi wa mtoto: hulala vipi na hubebwa vipi, hunyamazishwa kwa kitu gani, anaogopa nini, anakula nini na kwa joto gani, rafiki yake ni nani. Kama walezi watakubali, ombeni nguo au blanketi analolitumia, na mkirudi nyumbani msilifue mara moja, kwa kuwa harufu yake inamtuliza. Mwisho, wekeni miadi na daktari wa watoto itakayoweza kusogezwa, ili mtoto apimwe ndani ya majuma mawili hivi baada ya kufika, ikiwamo kupimwa kifua kikuu, homa ya ini, minyoo, upungufu wa damu, usikivu na macho, pamoja na kukagua chanjo zake, hata kama karatasi alizokuja nazo zinasema yote hayo yalishafanyika.