Kijana Anayeogopa Kiti cha Daktari wa Meno

Mzazi, kijana wako akiogopa kwenda kwa daktari wa meno, kabla ya yote mwulize anaogopa nini hasa. Mmoja anaogopa sindano, mwingine mlio wa mashine, mwingine kuambiwa mbele ya watu kwamba hapigi mswaki. Huyu wa mwisho huenda ni kijana aliyekulia Singida au kwingine ambako maji ya visima yana madini ya floridi kwa wingi, na meno yake yametoka na madoa ya kahawia. Mweleze kuwa madoa hayo yaliingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya. Si uchafu, na daktari huyatambua kwa kutazama tu.

Msingoje shavu livimbe. Penye usaha ganzi haishiki vizuri, na hapo ndipo watu wengi hupatia hofu ya maisha yao yote. Ziara ya kwanza iwe ya kuangaliwa tu. Aende asubuhi, ameshakunywa uji, kwa sababu mwenye njaa huzimia upesi.

Akishakaa kwenye kiti, akubaliane na daktari kwamba mkono wa kushoto ukiinuliwa, kazi inasimama. Ishara hiyo ijaribiwe kwanza na kile kioo kidogo cha kukagulia: kiingizwe mdomoni, kijana ainue mkono, kitolewe. Akiona kimetolewa kweli, mabega yanashuka yenyewe.

Kuhusu sindano, ombeni ganzi ya kupaka kama ipo. Fizi ikaushwe kwa pamba kwanza, dawa ikae dakika 1 hadi 2. Ikipakwa juu ya mate inaoshwa tu. Kinachouma zaidi ni dawa kusukumwa haraka, kwa hiyo daktari aingize taratibu, kama dakika nzima kwa kichupa kimoja. Moyo ukidunda ghafla baadaye, mara nyingi ni adrenalini, kemikali inayoharakisha moyo, iliyomo kwenye ganzi, na hutulia baada ya dakika chache. Aambiwe mapema, la sivyo atadhani anakufa. Gego la chini husubiriwa dakika 5 hadi 10, na mdomo wa chini usipokufa ganzi, kazi isianze. Ajue pia kwamba ganzi huzima maumivu tu: kusukumwa na mlio wa jino linalolegea atavisikia.

Wakati wa kungoja avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa 6. Anayezimia akiona damu akaze mapaja na tumbo sekunde 10 hadi 15, alegeze, arudie.

Wewe mzazi, usimwahidi kuwa "haitauma hata kidogo". Akisikia kitu kidogo tu, hatakuamini tena. Na vile vitisho vya "nitakupeleka ukang'olewe" ndivyo vilivyoipanda hofu hii tangu utotoni.

Baada ya kung'oa, aume pamba nusu saa bila kutematema mate. Mdomo hubaki na ganzi saa 2 hadi 4, na akitafuna mapema atajing'ata bila kujua. Ikiisha, ugali laini na mlenda uliopoa unapita vizuri, upande wa pili. Ubuyu na karanga visubiri.