Kupaka nywele rangi nyumbani bila kuziharibu

Nywele nyeusi tititi hazigeuki kahawia eti kwa sababu tu boksi lina picha ya mwanamke mwenye nywele za kahawia. Soma namba ya rangi kwenye boksi, achana na picha. 1 ni nyeusi kabisa, 10 ni njano iliyopauka sana, na nywele za wengi wetu hapa Uganda ziko kwenye 1 au 2. Rangi ya kudumu iliyochanganywa na peroksaidi (dawa ya kuchanganyia rangi) ya voliumu 20, yaani asilimia 6, huinua nywele, yaani huzififisha, ngazi moja au mbili tu za namba hizo. Ukipaka namba 6 juu ya nywele nyeusi, utapata wekundu unaoonekana ukisimama juani. Ukiingia ndani hakuna atakayejua. Ukitaka shaba au dhahabu, blichi, dawa ya kuondoa weusi wa nywele, lazima itangulie. Na rangi haiondoi rangi: kama mwezi jana ulipaka nyeusi, boksi la kahawia leo litashika mashina mapya tu.

Kwa mwenye mvi, kazi ni rahisi zaidi. Wengi hutumia rangi ya unga ya paketi, ile inayoitwa kanta, ambayo huchanganywa na maji. Inaziba mvi vizuri, lakini hutoa weusi tu, na kuutoa baadaye ni shida kubwa. Rangi hizi, za unga na za krimu, mara nyingi zina PPD, kemikali inayoongoza kwa kuleta mzio. Tafuta herufi hizo, au jina refu p-phenylenediamine, kwenye orodha ya viambato.

Siku mbili kabla

Paka tone dogo la rangi nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, kwa namna karatasi ya boksi inavyoelekeza, kisha subiri saa 48. Mwasho, wekundu au malengelenge yakitokea, acha kabisa. Usijidanganye kwamba mwaka jana haikukudhuru. Mzio huu unaweza kuja baada ya miaka ya kupaka salama. Na kama uliwahi kuchorwa hina nyeusi au piko harusini na ngozi ikavimba, jihesabu kuwa tayari una tatizo na PPD: usipake rangi yenye kiambato hicho.

Siku hizo hizo jaribu unywele mmoja. Ung'oe, ulowanishe, uvute taratibu kwa vidole viwili. Ukinyumbuka kidogo na kurudi, uko sawa. Ukirefuka kama chingamu kisha ukakatika, nywele zako hazina nguvu ya kubeba peroksaidi, sembuse blichi. Kata pia kishungi chembamba kisogoni na ukipake rangi uliyonunua. Dakika 30 za kishungi hicho zitakuonyesha rangi utakayoipata hasa.

Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zina sheria yake: dawa kwanza, kisha angalau wiki mbili, ndipo rangi. Blichi juu ya nywele zenye dawa usiijaribu nyumbani. Wenye hina nao wawe makini, kwani baadhi ya hina za paketi zina chumvi za metali, na zikikutana na peroksaidi nywele hupata moto na kukatika. Kishungi kile cha majaribio kikianza kuchemka au kutoa joto, umeonywa.

Kichwa kioshwe siku moja kabla, mafuta mazito na siagi ya shea vitoke. Siku yenyewe usioshe. Mafuta ya asili ya kichwa hukinga ngozi kidogo. Kama umefumua rasta na ngozi bado inauma au ina vidonda, ahirisha.

Siku ya kupaka

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha una jerikeni moja iliyojaa, lita 20. Bomba linaweza kukauka wakati wowote, na rangi haisubiri maji yarudi.

Tumia bakuli la plastiki au kioo, kamwe si sufuria. Pima kwa sirinji ya duka la dawa isiyo na sindano, maana kijiko cha chai hudanganya. Tyubu ya rangi ya mililita 60 huenda na mililita 60 au 90 za peroksaidi, kutegemea karatasi yake. Nywele fupi za asili zinatosheka na tyubu moja. Zikifika mabegani nunua mbili. Vaa glavu na tisheti ya zamani, paka Vaseline pembeni mwa uso, masikioni na shingoni, lakini isiguse nywele, kwani rangi haipiti hapo.

Gawa kichwa mafungu manne. Mvi zikiwa nyingi kwenye panja, anzia hapo, kwa sababu ndizo sugu. Ukiwa unabadilisha rangi kichwa kizima na kuinua ngazi, anza katikati ya nywele na uache sentimita 1 au 2 za karibu na ngozi hadi mwisho. Joto la kichwa huharakisha kazi pale, ndiyo maana watu hutoka na mashina ya shaba na ncha nyeusi. Chukua mistari myembamba, upana wa nusu sentimita: nywele za kipilipili huficha mabaka, na utayaona kesho juani.

Hesabu dakika baada ya kumaliza fungu la mwisho, na usizidishe muda ulioandikwa. Ukifunika kwa kavera ya plastiki, chungulia kila dakika 10: futa kishungi kimoja kwa tishu yenye maji, angalia rangi, kipake tena. Kikaushio cha umeme kisiguse blichi.

Blichi ya nywele ni unga unaochanganywa na peroksaidi. Jik ni ya nguo, na huyeyusha unywele wenyewe.

Mchanganyiko ukibaki, mwaga. Ukiufunga kwenye chupa, gesi hujaa na chupa hupasuka.

Suuza kwa maji ya vuguvugu hadi yatoke safi, kisha kondishena. Shampuu ingoje siku mbili au tatu.

Mambo yakiharibika

Rangi ikiwa nyeusi mno, osha mara mbili au tatu siku hiyo hiyo kwa shampuu ya mba. Rangi nyepesi zaidi usiiweke juu yake, haitasaidia. Blichi ikitoka machungwa, usirudie blichi: rangi ya kahawia iliyokolea ngazi moja zaidi huzima machungwa, na shampuu ya buluu huyapunguza. Njano huzimwa na zambarau. Madoa ya ngozi huondoka kwa mafuta na pamba, ukisugua polepole.

Rangi ya nywele isipakwe kwenye nyusi wala kope, na paketi za unga ziwekwe mbali na watoto, kwani PPD ikimezwa huvimbisha koo na inaweza kuua. Uso ukivimba au pumzi ikibana, osha kichwa mara moja na uende hospitali ukiwa na boksi mkononi, ili daktari asome viambato.