Somo: Namna ya kuandaa semina ya waamuzi wa michezo ya shule za sekondari

Ndugu walimu wenzangu, kila ifikapo Januari napokea ujumbe uleule kutoka kwa walimu wa michezo: "Nimepewa jukumu la kuandaa semina ya waamuzi wa UMISSETA (michezo ya shule za sekondari Tanzania) wilayani kwetu, naanzia wapi?" Mwaka huu nimeona niliandike somo lote mahali pamoja, ili atakayeuliza aelekezwe hapa. Naomba lisomwe hadi mwisho kabla ya kuuliza. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mwamuzi wa mpira wa miguu, na semina za namna hii nimekwishaandaa sita katika wilaya mbili. Mifano yangu mingi inatoka kwenye mpira wa miguu kwa kuwa ndio ninaoufahamu zaidi, ila mpangilio ni uleule kwa netiboli, wavu na mpira wa mikono.

Hatua ya kwanza: tarehe. Semina ifanyike kabla mechi za kata hazijaanza, yaani Februari au mapema Machi, na iwe ya siku tatu: Ijumaa alasiri baada ya swala, Jumamosi kutwa, na Jumapili alasiri baada ya ibada. Waulize mapema walimu Wasabato, na mazoezi ya vitendo ya Jumamosi yarudiwe kwa ajili yao Jumapili.

Hatua ya pili: barua. Iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wako wa shule, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari na Afisa Michezo, wiki sita kabla. Orodha ya walimu watakaohudhuria iambatane na barua hiyohiyo, kwa sababu mkuu wa shule hawezi kumruhusu mwalimu aache vipindi vya Ijumaa kwa maneno ya simu.

Hatua ya tatu: wakufunzi. Kwa mpira wa miguu waombe FRAT (chama cha waamuzi wa mpira wa miguu) ya wilaya au mkoa wakupe mwamuzi mwenye daraja; kwa netiboli waombe CHANETA (chama cha netiboli). Mkufunzi mmoja asifundishe zaidi ya walimu kumi, na aje na toleo la kanuni linalotumika sasa. Kanuni za mpira wa miguu ni 17, lakini maelezo yake hurekebishwa, na marekebisho huanza kutumika Julai 1 ya kila mwaka.

Hatua ya nne: vifaa. Kila mshiriki aje na filimbi yake mwenyewe. Filimbi haiazimwi mdomo kwa mdomo. Wewe tafuta vibendera, kadi, koni, mipira minne, kamba ndefu na sanduku la huduma ya kwanza.

Hatua ya tano: darasani. Alasiri yote ya Ijumaa inatosha. Usisome kanuni 17 mfululizo kama anayesoma imla. Chagua mambo manne ambayo hugombanisha watu katika mechi za shule, yaani kuotea, kushika mpira kwa mkono, uzito wa rafu, na jinsi mchezo unavyoanzishwa upya, uyafundishe hayo kwa kina. Kwenye uzito wa rafu, washiriki waondoke na madaraja matatu vichwani mwao: aliyecheza kwa uzembe anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu tu, aliyecheza bila kujali hatari anayomsababishia mwenzake anaonyeshwa kadi ya njano, aliyetumia nguvu kupita kiasi anatolewa kwa kadi nyekundu.

Hatua ya sita: uwanjani. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilimuumiza mtoto.

Semina yangu ya kwanza ilikuwa na walimu 32. Siku ya vitendo nilipanga mechi moja kamili kati ya timu mbili za shule, nikaweka waamuzi wanne kipindi cha kwanza na wanne wengine kipindi cha pili. Walimu 24 waliobaki walikaa chini ya mwembe na madaftari yao, wakitazama na kunakili. Jioni tuligawa vyeti, kila mmoja akaenda kwake ameridhika. Wiki tano baadaye, katika nusu fainali ya wilaya, mmoja wa wale 24 alishika kibendera. Mpira ulirushwa kutoka pembeni, mshambuliaji aliyekuwa amesimama nyuma ya mabeki wote akaupokea na kufunga, na kibendera kikapanda: ameotea. Mwamuzi wa kati akamwamini msaidizi wake, goli likakataliwa. Mwalimu yule kanuni aliijua. Kwenye karatasi ya jaribio la semina alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba hakuna kuotea pale mpira unapopokelewa moja kwa moja kutoka kwenye kurusha, kona au mpira wa goli. Ila mkono wake haukuwahi kufanya uamuzi huo hata mara moja huku watu wakipiga kelele. Wanafunzi waliingia uwanjani, mawe yakarushwa, na msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuja kutazama tu, alipasuka juu ya jicho. Nilimshikilia kitambaa usoni hadi gari lilipofika, na nilipokuwa nimemshikilia nilijua kwamba ile Jumamosi ya chini ya mwembe ndiyo iliyotufikisha pale. Jicho lilipona.

Tangu siku hiyo sipangi mechi kamili asubuhi. Nagawa uwanja katika vituo vinne, washiriki wanane kila kituo, dakika 25, kisha wanabadilishana. Kituo cha kuotea kinahitaji mpigaji pasi mmoja, washambuliaji wawili, mabeki wawili na kipa. Mshiriki anasimama pembeni sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, anakwenda naye kila anapokwenda, na anaamua matukio sita mfululizo, ambayo mawili kati yake yanaanza kwa mpira wa kurusha. Kosa la kawaida ni kuinua kibendera mara pasi inapopigwa. Mfundishe asubiri hadi mchezaji aliyeotea aguse mpira au amwingilie mpinzani, ndipo ainue kwa mkono wa kulia. Kituo cha pili ni cha penalti, ambapo mshiriki anaangalia kama kipa ana japo sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari mpira unapopigwa, na nani ameingia mapema ndani ya kumi na nane. Cha tatu ni rafu na kadi. Cha nne ni cha kumkabili mwalimu wa timu anayefoka kwenye benchi, na hiki msikiachie mwishoni, kwa kuwa walimu wengi wanaotushinda hutushinda hapo.

Msiwatumie walimu kama wachezaji. Mwalimu aliyetoka kufundishwa kanuni hachezi kama mtoto wa miaka 16, wala hakosei kama yeye. Omba wanafunzi kwa barua, pamoja na mwalimu wao, maji na chakula chao.

Msiwaruhusu wanafunzi waigize rafu kwa kasi ya kweli. Kwenye kituo cha tatu wacheze kwa mwendo wa kutembea. Rafu halisi zitaonekana zenyewe mchana, kwenye mechi fupi za dakika kumi kumi ambazo waamuzi hubadilishwa kila mechi.

Mwekeni karani mwenye orodha ya majina anayepiga alama kila mshiriki anapofanya uamuzi. Asiyefikisha maamuzi 20 hadi Jumamosi jioni arudi Jumapili. Orodha hiyo naithamini kuliko karatasi ya jaribio.

Hatua ya saba: utimamu wa mwili. Mbio fupi za mita 40 zikirudiwa mara sita, kisha kukimbia mita 75 na kutembea mita 25 kuzunguka uwanja kwa mizunguko ambayo umri wa washiriki unaruhusu. Zifanyike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua. Uliza faraghani nani ana shinikizo la damu, na usimlazimishe mtu.

Hatua ya nane: ripoti ya mchezo. Kila mshiriki aandike moja: dakika, namba ya jezi, alichokiona, alichoamua. Maneno kama "mchezaji huyu ni mtukutu" yafutwe. Yaandikwe maneno aliyoyatamka au kitendo alichokifanya.

Hatua ya tisa: vyeti vitolewe baada ya mshiriki kuchezesha mechi moja ya kata akiwa anatazamwa na mkufunzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Zamu: Mkuu, semina inatakiwa ichukue siku ngapi, na barua inapelekwa kwa nani?

Jibu: Siku ziko hatua ya kwanza, barua iko hatua ya pili.

Kipenga cha Kata: Naomba unitumie notisi zako zote za kanuni 17 nizitoe kopi, semina yangu ni kesho kutwa.

Jibu: Kanuni hutolewa bure na IFAB, bodi ya kimataifa inayozitunga, kwenye tovuti yake. Notisi zangu ziliandikwa kabla ya marekebisho ya 2025, na sitaki ziingie mikononi mwa walimu watakaozifuata kwa uaminifu na kukosea. Na kama ni kesho kutwa na hujapata mkufunzi, ushauri wangu ni uiahirishe.

Mtazamaji: Bila posho walimu hawaji, huo ndio ukweli. Haya ya vituo ni nadharia.

Jibu: Nauli na chakula ni haki ya mwalimu, na nimeviombea kila mara. Ila si nadharia, ndugu yangu; nimefanya hivyo mara tano na walimu wamekuja. Kama halmashauri yenu haina fungu, fanyeni semina ya tarafa, watu wachache, mahali ambapo kila mmoja anafika kwa baiskeli au kwa miguu.

Mwalimu Mgeni: Samahani kwa swali la mtu anayeanza. Umesema marekebisho ya 2025. Mashindano yetu ya wilaya ni Mei 2026. Je, zile sekunde za kipa kukaa na mpira ni sita au nane?

Jibu: Usiombe samahani, umeuliza jambo ambalo hata wenye madaraja hulichanganya. Ni nane, kwa kuwa kanuni hiyo ilianza Julai 1, 2025 na Mei 2026 inaangukia ndani ya toleo hilo. Zamani zilikuwa sita, na adhabu yake ilikuwa pigo huru lisilo la moja kwa moja, ambalo waamuzi wengi waliogopa kulitoa kwa sababu linapigwa karibu na goli na huzua msukumano. Sasa adhabu ni kona, na inapigwa upande ulio karibu na pale kipa alipokuwa. Sekunde tano za mwisho mwamuzi anazihesabu kwa mkono ulioinuliwa, ili kipa azione. Ongeza zoezi hilo kwenye kituo cha penalti, kipa mnaye tayari. Waambie pia walimu wa timu kabla ya mechi ya kwanza, maana mtoto asiyejua atadhani ameonewa.

Mwalimu wa Netiboli: Kwetu waamuzi wa netiboli ni walimu wa kike watatu tu, na wote wanagombana na wachezaji kuhusu umbali wa mlinzi. Vituo vyako nivigeuzeje?

Jibu: Dada yangu, hilo la umbali ndilo liwe kituo chako cha kwanza. Kata vipande vya kamba vya mita 0.9, umpe kila mshiriki kimoja. Mlinzi anasimama mbele ya mwenye mpira na kuinua mikono, mshiriki anatoa uamuzi wake kwa sauti, ndipo kamba inawekwa chini kati ya mguu wa mlinzi ulio karibu na mguu aliotua nao mwenye mpira. Baada ya mara 15 jicho linazoea. Kituo cha pili kiwe cha sekunde tatu za kukaa na mpira, wahesabu kimoyomoyo huku mwenzao ameshika saa. Cha tatu kiwe cha waamuzi wawili kugawana uwanja, kwa kuwa kila mmoja ana nusu yake pamoja na mstari mmoja wa pembeni, na wengi hupuliza filimbi kwenye nusu ya mwenzao. Kuhusu uchache: alika wasichana wa kidato cha tatu na cha tano wanaopenda. Mimi nilianza kuwaalika wanafunzi katika mwaka wa tatu wa semina zangu, wanachezesha mechi za ndani ya shule, na wawili kati yao wananizidi kwa ujasiri wa kutoa uamuzi. Ila wasipewe mechi za shule yao dhidi ya nyingine.

Fundi Uwanja: Nachangia kidogo. Uwanja wa vituo msiuchore kwa chokaa ya ujenzi, inaunguza macho na ngozi, hasa mvua ikinyesha. Sisi tunatumia kamba na vigingi vilivyopigwa hadi vikalingana na ardhi.

Jibu: Ahsante sana, hilo naliingiza kwenye hatua ya nne. Na pembe za uwanja mnazinyooshaje?

Fundi Uwanja: Kutoka kwenye kona tunapima mita 6 upande wa goli na mita 8 upande wa pembeni. Kati ya alama hizo mbili zikitoka mita 10 kamili, kona imenyooka.

Kipenga cha Kata: Nimeahirisha semina hadi mwezi ujao na mkufunzi nimempata. Leo jioni tumejaribu hiyo ya 6, 8 na 10 uwanjani kwetu, tukakuta kona mbili zimepinda. Tumezirekebisha, lakini bado mstari wa goli mmoja unaonekana mrefu kuliko mwingine.

Jibu: Umefanya vyema kuahirisha, na ukihitaji msaada wa ratiba ya vituo nitakusaidia kuipanga. Kuhusu uwanja, vuteni kamba kutoka kona hadi kona ya mshazari, pande zote mbili. Mishazari ikilingana, mistari ya pembeni ikilingana na mistari ya goli ikilingana, uwanja uko sawa. Isipolingana, kigingi kimoja kimesogea, anzeni na kile mlichokipiga mwisho.