Akaunti ya kiislamu: utajuaje kama hela yako kweli inafanya kazi safi?

Wanaoniulizaga hili swali ni wa aina mbili. Kuna Muislamu anaekimbia riba, na kuna yule ambae sio Muislamu ila hapendi kusikia akiba yake imekopeshwa kampuni ya kubeti, na wote nawajibu sawa tu: inaweza kuwa safi, ila neno sharia kwenye bango halitoshi, kagua mwenyewe. (Na sio lazima uwe Muislamu kufungua, wanataka kitambulisho cha NIDA, shahada hawakuulizi.)

Mimi sio shehe wala sijasomea benki, nauza vifaa vya umeme Tanga, ila nimezunguka kaunta kadhaa na maswali yangu mpaka wengine wakiniona wanainamia kompyuta.

Anza na aina ya akaunti, maana hapa watu wanachanganya sana. Kuna ya amana, kwenye mkataba utaona wadia au kardhi, hiyo benki inakutunzia hela unachukua ukitaka na haikuongezei kitu, ikikupa chochote mwisho wa mwaka ni hiba, zawadi, na haitakiwi ikuahidi mapema kwasababu zawadi iliyoahidiwa hiyo ni riba imepitia mlango wa uani. Wengi wanaona hii ndo safi kuliko zote maana hawali kitu. We huli, lakini benki inazizungusha hizo hela, kwahiyo swali la zinaenda wapi liko palepale.

Ya pili ni mudharaba. Hapa we ndo mwenye mtaji na benki ndo mfanyabiashara, mnakubaliana kugawana faida kwa mgawo, na mgawo ni wa FAIDA sio wa hela uliyoweka. Mfano umeweka milioni 2, mgawo ni wewe 40 benki 60, sasa biashara iliyofanywa na milioni zako ikaingiza faida 240,000 kwa mwaka, wewe chako 96,000. Ikiingiza 100,000 chako 40,000. Isipoingiza kitu hupati kitu. Sasa kuna benki moja niliingia, kijana wa pale kanivalia tai vizuri kabisa akaniambia "mzee huku kwetu ni mudharaba, unapata asilimia nane uhakika kila mwaka". Nikamuuliza uhakika unatoka wapi kama biashara haijafanyika bado? Akasema ndo mfumo ulivyo. Nikashukuru nikatoka. Akikwambia mwaka jana tulitoa kiasi hiki na mwaka huu tunatarajia kiasi hiki, sawa, hayo ni makadirio, ila ukisikia uhakika kwenye mudharaba jua ama yeye hajui anachouza ama hiyo ni riba imevaa kanzu.

Na hapohapo uliza hasara. Kwenye mudharaba, biashara ikianguka bila uzembe wa benki, hasara ya mtaji ni yako, benki inapoteza jasho lake. Watu hawapendi kusikia hii lakini ndo inayofanya faida yako iwe halali, huwezi kutaka faida ya mfanyabiashara na usalama wa mkopeshaji kwa wakati mmoja. Sio hadithi za kutishana, Ihlas Finans, taasisi ya fedha ya kiislamu ya Uturuki, ilifungwa Februari 2001, haikuwa na bima ya amana, wateja wakabaki kusubiri hela zao. Kwetu Bodi ya Bima ya Amana inalipa mpaka milioni 7.5 kwa mteja benki ikifilisika, Kenya ni shilingi 500,000 za kwao. Uliza kwa maandishi kama akaunti yako ya mudharaba imo kwenye hiyo bima, usikubali "usijali bro".

Haya, hela zinaenda wapi. Sehemu kubwa inaenda kwenye murabaha: mtu anataka bajaji, benki inainunua milioni 9, inamuuzia milioni 11 na nusu kwa miezi 24. Watu wanasema si mkopo wa riba huohuo tu na jina la kiarabu? Mimi nasema inategemea na kitu kimoja kinaitwa umiliki. Kama benki kweli imeinunua ile bajaji na ikipata ajali kabla haijakabidhiwa ni hasara ya benki, hiyo ni biashara, na bei ikishafungwa haipandi hata mteja akichelewa. Kama benki inampa mteja hela mkononi anaenda kununua mwenyewe alafu wanasaini makaratasi baadae, hapo sina cha kukutetea. Kwahiyo uliza: nani anamlipa muuza bajaji? Swali dogo lakini linafungua mengi.

Kuna kitu kingine kinaitwa tawaruku, benki inakuuzia kwa deni bidhaa kama shaba ambayo hutaiona maisha yako yote, inakuuzia palepale kwa mtu mwingine kwa taslimu, unabaki na hela leo na deni zaidi kesho. Mwaka 2009 kule Sharjah wanazuoni wa Baraza la Fiqhi (sheria za kiislamu) la Kimataifa waliikataa ile ya kupangwa na benki, lakini benki nyingi duniani bado zinaitumia. Ukiona akaunti ya muda maalumu ya kiislamu inakupa faida iliyofungwa, uliza kama ndani yake kuna hiyo, ila imegeuzwa, benki ndo inabaki na deni kwako. Ukikuta ipo uamuzi ni wako, mimi sijaweka.

Alafu ile kamati ya masheikh, wale wanaoikagua benki kama inafuata sharia. Omba majina, omba na ripoti yao ya mwaka. Ndiyo wanalipwa na benki hiyohiyo wanayoikagua, hilo lipo dunia nzima na linanikera, ila tofauti ni kama ripoti inasema "tulikuta miamala hii haikufuata, mapato yake yametolewa sadaka" au ni ukurasa mmoja wa dua na shukrani. Faini za wanaochelewesha marejesho nazo hazitakiwi ziwe faida ya benki, zinaenda sadaka, uliza zilienda wapi mwaka jana.

Kuhusu benki kamili ya kiislamu kama Amana, iliyoanza 2011, na dirisha ndani ya benki ya kawaida kama Al Barakah ya CRDB, mi sina ugomvi na dirisha mradi vitabu viwe mbali na hela zisichanganyike. Hilo nalo liulize.

Ila kwa yule rafiki yangu anaetaka uadilifu sio dini: sharia itakuondolea pombe, kamari, nguruwe, na riba. Haitakuulizia moja kwa moja kama kiwanda kilichopewa hela kinamwaga uchafu mtoni au kinalipa vibarua elfu tano kwa siku. Hayo uliza kivyako, na usishangae ukiangaliwa kama umetoka mwezini.

Mimi mwisho nilipata dada mmoja, mahali pengine, akanitolea karatasi ya mgawo, akakiri mawili ambayo hajui akaenda kumuuliza bosi wake. Nikaweka laki mbili tu za kujaribu. Mwezi wa kwanza ikaingia faida, wa pili ikaongezeka kidogo, wa tatu ikashuka, mke wangu akasema si nilikwambia hawa wezi. Wiki ileile nikaenda kuongeza laki nane.